James Dewar, mtu wa termosi: baridi yake ndiyo inayojaza hidrojeni katika magari ya leo

Saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijatoka juu ya Kolwezi, wafanyakazi wa migodi wanangojea basi za kampuni kando ya barabara, kila mmoja na mfuko wake. Katika mifuko mingi mna termosi. Chai iliyomiminwa nyumbani itakuwa ingali ya moto saa nne, wakati wa kupumzika. Lakini chombo hicho hakikubuniwa kwa ajili ya chai, wala kwa ajili ya kutunza joto. Kilibuniwa London mwaka 1892 na mwalimu wa kemia kutoka Uskoti, James Dewar, aliyetaka kutunza baridi kali ambayo ilikuwa ikimponyoka mikononi kila alipoipata.

Miaka sita baadaye, mtu huyo huyo aliigeuza hidrojeni kuwa kimiminika, yaani kitu kinachomiminika kama maji, na kuikusanya chomboni. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Alifaulu kwa sababu aliipoza gesi hiyo kwanza, ndipo akaiachilia. Leo, katika vituo vinavyouza hidrojeni kwa magari huko Japani, Korea Kusini, Ujerumani na California, utaratibu ni huo huo: baridi hutangulia, gesi hufuata.

Jambo hili linaihusu Lualaba kuliko inavyoonekana. Magari ya umeme yenye betri ndiyo yaliyoipa kobalti jina kubwa, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka katika ardhi ya Kolwezi na pembeni yake. Gari la hidrojeni nalo linaendeshwa na umeme, ila umeme huo linautengeneza lenyewe njiani kutokana na gesi iliyo katika tangi. Betri yake ni ndogo, na kobalti inayohitaji ni kidogo mno au hakuna kabisa. Wanaoitetea hidrojeni wanapenda kutaja muda: betri kubwa ya kamyo inahitaji kungojewa, lakini tangi la hidrojeni la gari dogo linajaa kwa dakika 3 hadi 5. Dakika hizo zinategemea baridi. Bila baridi, kazi hiyo hiyo ingechukua muda mrefu zaidi.

Mtoto aliyeanguka katika barafu

James Dewar alizaliwa tarehe 20 Septemba 1842 katika mji mdogo wa Kincardine, kando ya mto Forth, Uskoti. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni na aliuza divai. James alikuwa kitinda mimba kati ya watoto sita wa kiume.

Alipokuwa na miaka 10, wakati wa majira ya baridi, barafu ilipasuka chini ya miguu yake naye akatumbukia katika maji. Aliokolewa, lakini alishikwa na homa kali ya maungo, na kwa muda wa miaka miwili hakuweza kwenda shule. Wazazi hawakumwacha akae bure. Alikuwa akienda kwa fundi seremala wa kijiji, na huko akajifunza kutengeneza violini. Baadaye Dewar aliamini kwamba ufundi wake wa mikono katika maabara ulianzia kwa seremala yule. Violini moja aliyoitengeneza mwaka 1854, akiwa na miaka 12 tu, ilidumu maisha yake yote.

Alipofika miaka 15, baba na mama wote walikuwa wamekwisha kufa. Akasoma Chuo Kikuu cha Edinburgh chini ya Lyon Playfair, mkemia mwenye sifa, kisha akawa msaidizi wake. Mwaka 1867 alikwenda Ubelgiji, katika mji wa Ghent, akakaa majira ya joto kwa August Kekulé, Mjerumani aliyetambua umbo la benzini. Kwa Mwafrika wa Kongo jina la Ubelgiji lina historia nyingine. Kwa kijana huyu lilikuwa jina la maabara nzuri.

Mwaka 1871 alimwoa Helen Rose Banks. Hawakupata watoto. Mwaka 1875 akapewa kiti cha uprofesa Cambridge, na mwaka 1877 kiti kingine katika Royal Institution ya London, nyumba ya sayansi ambako Michael Faraday alifanya kazi kabla yake. Viti vyote viwili alivishika hadi kufa, ingawa watu wa Cambridge hawakumwona mara nyingi. Moyo wake ulikuwa London, katika chumba cha chini chenye mashine, mabomba na kelele.

Gesi zilizokataa

Faraday alikuwa ameonyesha kwamba gesi nyingi zikigandamizwa na kupozwa hugeuka kuwa kimiminika. Chache zilimshinda, zikiwemo oksijeni, naitrojeni na hidrojeni. Wataalamu wakaziita gesi za kudumu, kana kwamba zimeapa kutobadilika.

Desemba 1877, mwaka ule ule Dewar alipoingia Royal Institution, Louis Cailletet huko Ufaransa na Raoul Pictet huko Geneva waliiona oksijeni ikitoa ukungu wa matone kwa muda mfupi sana. Mwaka 1883 Wróblewski na Olszewski, katika mji wa Kraków, wakaipata oksijeni kimiminika yenyewe, ikitulia na kuchemka katika bomba la kioo. Kwa hiyo Dewar hakuwa wa kwanza kwa oksijeni. Alichofanya ni kujenga mashine kubwa zaidi, hata akaweza kuonyesha oksijeni ya kibuluu ikimiminwa mbele ya mamia ya watu katika mihadhara ya Ijumaa jioni. Matajiri wa London walikuja wamevaa nguo za sherehe kumtazama mtu mfupi mwenye ndevu akicheza na kitu chenye baridi ya digri 183 chini ya sifuri.

Kwa Katanga miaka ile ilikuwa ya namna nyingine. Tarehe 20 Desemba 1891, mfalme Msiri aliuawa Bunkeya, mahali ambapo leo ni ndani ya jimbo la Lualaba. Mwaka 1892 mjiolojia Mbelgiji Jules Cornet alikuwa akipita katika nchi hiyo na kuandika habari za mawe yake ya shaba. Mwaka huo huo, mbali sana, Dewar naye alikuwa akipima shaba. Pamoja na John Ambrose Fleming, mtaalamu wa umeme, alichovya nyaya za madini safi katika oksijeni kimiminika na kupima jinsi umeme unavyopita. Waliona kwamba shaba safi ikipozwa sana huupitisha umeme kwa urahisi zaidi na zaidi, kana kwamba upinzani wake unaelekea kwisha. Shaba iliyochanganywa na madini mengine haikufanya hivyo. Ndiyo moja ya sababu usafi wa shaba una bei.

Chupa ndani ya chupa

Taabu kubwa ya Dewar ilikuwa kutunza alichokipata. Oksijeni kimiminika ikiwekwa katika kikombe cha kawaida huchemka na kwisha, kwa sababu joto la chumba linaiingia kutoka kila upande. Mwaka 1892 akapata njia: chombo ndani ya chombo, na katikati yake hewa yote imetolewa. Pasipo hewa, joto halina cha kulibeba. Lilibaki lile joto linalosafiri kama mwanga, nalo akalizuia kwa kupaka kioo rangi ya fedha ing'aayo kama kioo cha kujitazamia. Kimiminika ambacho awali kiliisha haraka sasa kilikaa kwa saa nyingi.

Katika maabara za dunia nzima chombo hicho kinaitwa dewar hadi leo, kwa herufi ndogo, kama vile sufuria inavyoitwa sufuria.

Hidrojeni hufanya kinyume

Sasa ikabaki hidrojeni. Gesi nyingi zikitoka kwa nguvu katika tundu dogo hupoa. Mtu aliyefungua haraka chupa ya gesi ya jikoni ameona jinsi mdomo wake unavyopata baridi. Mwaka 1895 Carl von Linde huko Ujerumani na William Hampson huko Uingereza, kila mmoja kivyake, walijenga mashine juu ya tabia hiyo: hewa inatoka, inapoa, ile iliyopoa inapoza ile inayokuja nyuma, na hivyo hivyo mpaka hewa inadondoka kama maji. Oksijeni inayotolewa katika hewa kwa njia iliyotokana na kazi hiyo ndiyo iliyo katika chupa za mafundi wa kulehemu na za wagonjwa hospitalini, na ndiyo inayopulizwa katika vinu vya kisasa vya kuyeyusha shaba.

Hidrojeni haikubali mchezo huo. Katika joto la kawaida, ikitoka katika tundu dogo haipoi. Inazidi joto kidogo. Tabia hiyo inageuka tu ikiwa gesi imekwisha kupozwa hadi karibu digri 70 chini ya sifuri, na ili kazi iende vizuri sharti ishuke zaidi ya hapo. Anayetaka kuipoza hidrojeni kwa hidrojeni yenyewe sharti atafute kwanza baridi ya kuazima.

Dewar aliiazima kwa hewa kimiminika. Tarehe 10 Mei 1898, hidrojeni iliyogandamizwa mara 180 ya hewa ya kawaida na kupozwa hadi digri 205 chini ya sifuri ilipitishwa katika bomba lililozungushwa kama chemchemi ya godoro, ndani ya chupa yake yenye kuta mbili. Ikaanza kudondoka. Kwa muda wa dakika 5 hivi akakusanya sentimita za ujazo 20, yaani vijiko vinne vidogo vya chai. Kisha tundu likaziba, kwa sababu hewa kidogo iliyochanganyika na hidrojeni iliganda na kuwa barafu ngumu.

Baridi ya vijiko vile vinne ilikuwa digri 253 chini ya sifuri. Mwaka uliofuata aliigandisha hidrojeni kabisa.

Hilo halikupatikana bure. Katika miaka ya kazi hiyo mitambo ilipasuka mara kadhaa. Wasaidizi wake wawili, Robert Lennox na James Heath, kila mmoja alipoteza jicho moja. Majina yao hayako juu ya chombo chochote.

Kituoni, zaidi ya karne baadaye

Kituo cha hidrojeni kwa nje kinafanana na kituo chochote cha esanse: pompi, mpira, bei inayozunguka. Ndani ni habari nyingine. Tairi la gari dogo hupewa baa 2 na kidogo. Tangi la hidrojeni la gari hilo hupewa baa 700, ili kilo 5 hivi za gesi iliyo nyepesi kuliko zote zienee.

Kila aliyejaza upepo katika tairi la kinga, yaani baiskeli, anajua kwamba pompi hupata moto. Gesi ikibanwa haraka hutoa joto. Katika tangi la hidrojeni joto kubwa linatoka hapo, na ile tabia ya hidrojeni iliyomsumbua Dewar inaongeza lake kidogo juu. Tangi hilo limetengenezwa kwa plastiki na nyuzi za kaboni, na haliruhusiwi kupita digri 85. Tena gesi ya moto inajitanua: tangi linaonekana limejaa, na baadaye likipoa dereva anagundua kwamba amebeba kidogo.

Kwa hiyo kabla ya kuingia katika mpira wa pompi, gesi hupitishwa katika chombo chenye njia nyembamba sana kando ya kitu cha baridi, ikashushwa hadi kati ya digri 33 na 40 chini ya sifuri. Kanuni inayofuatwa na vituo vingi inadai baridi hiyo ifike ndani ya sekunde 30 tangu kujaza kuanze. Firigo ya kawaida haina mbio hizo. Ndiyo maana vituo vingine hupoza mapema bonge zito la madini na kuliweka tayari, likiwa akiba ya baridi inayongojea mteja. Vituo vingine hupokea hidrojeni ikiwa kimiminika, imeletwa na kamyo lenye tangi la kuta mbili lisilo na hewa katikati, ambalo kwa kweli ni termosi kubwa yenye magurudumu, na baridi ya kimiminika hicho ndiyo inayotumika.

Gharama ipo. Mashine ya baridi inakula umeme mchana na usiku hata kama wateja ni wawili tu. Siku ya joto kali, kujaza kunapunguzwa mwendo. Na unyevu wa hewa huganda katika mdomo wa pompi, hata pengine mdomo unanasa katika gari na dereva anangoja uyeyuke. Barafu ile iliyoziba tundu la Dewar mwaka 1898 ilikuwa ya hewa na hii ni ya maji, lakini zinajuana.

Kolwezi haina kituo cha namna hiyo. Makamyo yanayobeba shaba na kobalti kupitia Likasi na Lubumbashi hadi Kasumbalesa yanakunywa mazutu. Mgodi wa Kiafrika uliojaribu hidrojeni waziwazi uko Afrika Kusini: Mei 2022, kampuni ya Anglo American ilionyesha huko Mogalakwena kamyo la mgodini lenye kubeba tani 290 likitumia hidrojeni pamoja na betri. Gesi yake ilitengenezwa kwa maji na umeme. Maji Lualaba inayo. Umeme ndio kesi: mabwawa ya Nzilo na Nseke yako karibu, waya kutoka Inga unasafiri kilometa 1,700 hivi hadi Kolwezi, na bado makampuni ya migodi yananunua umeme Zambia.

Kesi ya termosi

Dewar hakuomba hati ya kumiliki chupa yake. Aliiona kuwa kitu cha sayansi, na wataalamu wengine wakaiiga bila kulipa. Aliyeona pesa ndani yake ni fundi vioo wa Berlin, Reinhold Burger. Aliifunika kwa bati ili isivunjike, akachukua hati ya Ujerumani mwaka 1903, na mwaka 1904 ikaanzishwa kampuni yenye jina Thermos. Dewar alikwenda mahakamani akashindwa, maana hakuwa na karatasi. Chupa ikaenda nyumba kwa nyumba duniani bila jina lake.

Haikuwa mara ya kwanza kwake kuingia mahakamani. Mwaka 1889 yeye na Frederick Abel walikuwa wametengeneza baruti isiyo na moshi kwa jeshi la Uingereza, na upande wa Alfred Nobel ukafungua kesi kwamba waliiga yake. Nobel alishindwa. Tuzo yenye jina la Nobel, Dewar aliteuliwa mara kadhaa lakini hakuipata hata mara moja.

Hasira zake zilimpunguzia mengi. Aligombana na Hampson kuhusu nani alianza nini. Aligombana vikali na William Ramsay, mtu aliyekuwa na heliumu, gesi pekee iliyobaki bila kugeuzwa kuwa kimiminika. Dewar aliihitaji heliumu hiyo, lakini hawakuweza kufanya kazi pamoja. Tarehe 10 Julai 1908, Heike Kamerlingh Onnes wa Leiden, Uholanzi, ndiye aliyefaulu, akitumia chupa za Dewar na hidrojeni kimiminika kwa kupoza kwanza. Onnes alikuwa na shule nzima ya mafundi aliowafundisha kwa subira. Dewar alikuwa na wasaidizi wachache na siri nyingi. Tofauti hiyo ilitosha.

Serikali ilimheshimu kwa cheo cha Sir mwaka 1904, na mwaka huo mchoraji Henry Jamyn Brooks alimchora akifundisha juu ya hidrojeni kimiminika mbele ya ukumbi uliojaa. Vita vya 1914 vilipoanza, kazi ya baridi ilisimama, mafundi wakaondoka. Mzee akajifungia na mapovu ya sabuni, akipima unene wa ngozi zake na kuona yanaweza kudumu muda gani bila kupasuka.

Mwaka 1921, yeye na Helen walipotimiza miaka 50 ya ndoa, ile violini ya mwaka 1854 ilipigwa katika sherehe yao. Alikufa London tarehe 27 Machi 1923, mwenye miaka 80, angali profesa katika nyumba aliyoingia miaka 46 nyuma. Royal Institution ingali na moja ya chupa zake.